Jiwe Linalochakaa, Pwani Inayoliwa: Maneno Mawili ya Kiingereza katika Mwambao wa Bagamoyo

Mwanafunzi wa jiografia katika shule zetu za sekondari hukutana mapema na maneno mawili ya Kiingereza ambayo katika vitabu hufuatana kama mtu na kivuli chake: weathering na erosion. Akitakiwa kuyaeleza kwa Kiswahili, aghalabu husema kwamba yote mawili ni "mmomonyoko". Jibu hilo si la wanafunzi peke yao. Nimelisikia katika semina za watu wazima wenye shahada, nimelisoma katika taarifa zilizopigwa chapa, na, kama nitakavyokiri hapa chini, nimepata kulitoa mimi mwenyewe, kwa hasara ya mtu mwingine. Yafaa basi tuyachunguze maneno haya kwa makini. Nimechagua kufanya hivyo katika mwambao ulio kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo, kwa sababu huko mambo yote mawili yanaonekana kwa macho, na mtu akiyachanganya hulipa.

Tuanze na maana ya kitaalamu. Weathering ni kuharibika kwa mwamba pale pale ulipo. Mwamba hupasuka, hulainika, hugeuka unga au udongo, lakini hauhami. Erosion ni kung'olewa na kuchukuliwa: maji, upepo, mawimbi, au barafu katika nchi za baridi, huzibeba chembe na kuzipeleka mahali pengine. Tofauti yenyewe basi haiko katika ukubwa wa uharibifu, wala katika muda unaochukua. Iko katika safari. Katika jambo la kwanza hakuna safari. Katika la pili safari ndiyo yote.

Asili ya maneno inasaidia kidogo na inapotosha kidogo. Erosion limetoka katika Kilatini, katika kitenzi kilichokuwa na maana ya kuguguna, na kutoka katika shina hilo hilo Waingereza wamepata jina la jamii ya wanyama wagugunao, yaani panya na ndugu zake. Mvuvi wa Kunduchi ambaye hakusoma Kilatini husema "bahari inakula pwani", akawa amefika mahali pale pale bila msaada wa Warumi. Weathering, kwa upande wake, limeundwa kutokana na neno la kawaida la hali ya hewa, na kwa sababu hiyo msomaji hudhani kwamba ni kazi ya mvua na jua tu. Sivyo. Mizizi ya mwarobaini, chumvi ya bahari na vijidudu visivyoonekana kwa macho ni wafanyakazi wa shughuli hiyo hiyo. Isitoshe, mabaharia wa Kiingereza hulitumia neno hilo kwa chombo kilichoistahimili dhoruba kikatoka salama, yaani karibu kinyume cha maana ya mwanajiolojia. Lugha zote zina tabia hizi, na si ya Kiingereza peke yake ya kulaumiwa.

Ipo sababu nyingine iliyofanya neno hili la kwanza lisieleweke kwetu. Vitabu vingi tulivyosomea viliandikwa na watu wa nchi za baridi, na mfano wao mkuu wa weathering ni maji yanayoingia katika ufa wa mwamba, yakaganda usiku, yakatanuka na kuupasua mwamba. Mimi mwenyewe niliukariri mfano huo tangu kidato cha pili, na sikuuona hadi nilipokwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamivu, nikasimama asubuhi moja ya Januari chini ya jabali lililokuwa likidondosha vipande kwa sababu jua lilikuwa limeanza kuyayeyusha maji yaliyoganda ndani yake. Nilifurahi kama mtoto. Lakini maji hayagandi Bagamoyo. Ukiacha vilele vya milima kama Kilimanjaro, mfano huo ni mgeni katika nchi yetu, na mtoto anayeukariri katika darasa lililo hatua chache kutoka baharini huenda akaegemea, wakati wa mapumziko, ukuta unaochakaa kwa njia nyingine kabisa ambayo hakuna aliyemwonyesha.

Njia hiyo ni chumvi. Kilometa 5 hivi kusini ya mji wa Bagamoyo yapo magofu ya Kaole, misikiti miwili na makaburi mengi, yanayohesabiwa kuwa ni ya tangu karne ya 13. Mafundi wa zamani walijenga kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na mawe hayo yana vitundu vingi mno. Unyevu wa ardhini hupanda katika vitundu hivyo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kibatari, ukiwa umebeba chumvi. Na upepo wa bahari huongeza chumvi nyingine kwa nje. Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka, lakini chumvi haikauki ikatoweka. Hubaki, nayo hujipanga kuwa fuwele ndani ya vitundu. Fuwele ikikua katika nafasi ndogo husukuma kuta za kitundu kwa nguvu kubwa kuliko jiwe linavyoweza kuvumilia. Masika yakija chumvi huyeyuka tena na kuingia ndani zaidi. Kiangazi cha kaskazi kikirudi huganda tena. Kila mzunguko huacha jiwe dhaifu kuliko lilivyokuwa. Anayetaka kuiona kazi ya kukausha maji ya bahari hadi chumvi ibaki, aende kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, kaskazini ya mji. Linalofanyika pale katika mabwawa mapana ndilo linalofanyika Kaole katika kitundu kisichozidi ncha ya sindano.

Mvua nayo ina kazi yake. Maji ya mvua hubeba kiasi kidogo cha gesi ya kaboni dioksaidi kutoka hewani, na hivyo huwa na uchachu hafifu unaoweza kuyeyusha mawe ya chokaa. Bagamoyo hupata takriban milimeta 1,000 za mvua kwa mwaka, na matumbawe ni chokaa karibu yote. Kazi hii ni ya polepole sana. Lakini Kaole imekuwa na karne kadhaa.

Sasa niungame. Miaka kadhaa iliyopita mwenye nyumba moja ya kale katika mji wa Bagamoyo aliniomba nimtazamie ukuta wake uliokuwa ukidondosha unga kila siku. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimekwenda huko na wanafunzi, na basi lilikuwa linangoja. Nikatazama, nikaona ukuta umelika kwa chini hadi usawa wa kiuno, nikasema: "Huu ni mmomonyoko, mvua inaupiga." Naye akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya baada ya kuambiwa hivyo. Kama mvua ndiyo inayochukua, basi ukuta uvikwe ngao. Akaupiga lipu ya saruji, nene na ngumu, kutoka chini hadi juu.

Baada ya miaka mitatu nilirudi. Lipu ilikuwa imebanduka kwa mapande makubwa kama sahani, na nyuma yake hapakuwa na jiwe tena bali kitu mfano wa sukari iliyolowana. Fundi mwashi mzee aliyekuwa ameitwa kuubomoa ukuta ule alichovya kidole katika unga, akalamba, akanitazama.

"Mwalimu, onja."

Nikaonja. Ilikuwa chumvi.

"Ukuta huu haukuchukuliwa na kitu," akasema. "Umechoka hapo hapo uliposimama. Nanyi mkauziba pumzi."

Hakuwa akijua neno weathering, lakini aliitoa maana yake yote, na dawa yake pia. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukipakwa chokaa, unyevu hutoka nje kwa urahisi, na chumvi hugandia katika tabaka la chokaa lililo juu, ambalo huharibika na kupakwa upya kila baada ya misimu michache; ni tabaka la kutolewa kafara. Ukipigwa saruji ngumu, unyevu hukosa njia, na fuwele hukua nyuma ya lipu, ndani ya jiwe lenyewe. Saruji haina ubaya kwa matofali yake. Tangu kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza kazi mwaka 1966 imejenga nusu ya mambo tunayoyaona kila siku. Lakini nilikuwa nimetoa dawa ya erosion kwa mgonjwa wa weathering, na mgonjwa akafa. Mwenye nyumba hakunilaumu. Alinipa kahawa, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia.

Je, kosa la upande wa pili laweza kutokea, la kuitazama erosion kana kwamba ni weathering? Latokea, tena kwa gharama kubwa zaidi. Lakini ili tulielewe yatupasa kwanza tuufuate mchanga tangu unapozaliwa.

Mchanga mwingi wa fukwe zetu hizi haukutoka baharini. Chukua konzi moja ufukweni Bagamoyo uitazame kwa kioo cha kukuzia: utaona chembe nyeupe zinazong'aa za madini ya kwazi, ambayo hayamo katika matumbawe. Mto Ruvu, unaoingia baharini kaskazini ya mji, unaanzia milima ya Uluguru. Huko juu miamba migumu huchakaa kwa joto, unyevu na mizizi. Baadhi ya madini yake hugeuka udongo wa mfinyanzi, na kwazi, kwa kuwa ni sugu, hubaki kama chembe. Hiyo ni weathering, na bila hiyo mkulima wa Uluguru asingekuwa na udongo wa kulima. Kisha mvua huzing'oa chembe, kijito huzipokea, mto huzibeba hadi baharini, na mawimbi huzigawa pwani. Hiyo ni erosion na safari yake. Kwa hiyo ufuko si kitu kilichokaa. Ni kituo. Ufuko unaouona leo una umbo la jana kwa sababu tu mchanga ulioondoka usiku umelipwa na mchanga mwingine ulioingia. Mwenye duka angeuelewa upesi kuliko mhandisi: kuna kiingiacho na kuna kitokacho, na mali iliyoko rafuni ni tofauti ya hivyo viwili.

Kunduchi ndiko hesabu hiyo ilikoharibika. Tangu miaka ya 1970 ufuko ule wa kaskazini ya Dar es Salaam, uliokuwa umejengwa hoteli za watalii, umekuwa ukiliwa. Hoteli ya Africana, iliyokuwa mashuhuri kwa wakazi wa jiji katika miaka hiyo, iliachwa, na majengo yake yakawa magofu mbele ya bahari. Hoteli nyingine zilijikinga. Zilijenga kuta za zege na za mawe, zikaweka makapu ya nyaya yaliyojazwa mawe, zikaingiza baharini matuta ya mawe kama vidole vya mkono.

Zingatia fikra iliyo nyuma ya ukuta. Ni kama fikra ile ya mwenye nyumba wa Bagamoyo: kitu laini kinaharibika, basi tuweke kigumu. Lakini mchanga wa Kunduchi haukuwa ukiharibika. Chembe ya kwazi iliyoondoka pale ilikuwa nzima kama ilivyofika. Ilikuwa imehama tu. Swali la haki halikuwa "tuweke kitu kigumu kiasi gani?" bali "mchanga umekwenda wapi, na ule wa kuulipa mbona haukuja?" Watafiti walipouliza hivyo, mojawapo ya majibu waliyoyapata halikuwa baharini hata kidogo. Mchanga wa vijito na mito midogo ya eneo lile, kama vile Tegeta na Mbezi, ulikuwa ukichimbwa na kupakiwa katika malori kwenda kujenga jiji. Mapato ya ufuko yalikuwa yakizuiliwa njiani. Wametaja na sababu nyingine: kuvunjwa kwa miamba ya matumbawe iliyokuwa ikiyavunja mawimbi mbali na pwani, ama kwa baruti za wavuvi haramu ama kwa kuchimbwa ili kuchomwa chokaa, pepo za kusi na kaskazi zinazousukuma mchanga huku na huku, na, katika zama zetu, kupanda kwa bahari za dunia kwa wastani wa milimeta 3 hadi 4 kila mwaka. Sababu hizi haziondoani. Lakini hakuna hata moja inayoponywa kwa ugumu wa zege.

Ukuta wenyewe mara nyingi huongeza tatizo. Wimbi linalopanda ufuko mteremko huishiwa nguvu kidogo kidogo na kuuacha mchanga wake. Linalogonga ukuta ulio wima hurudi na nguvu zake, likauchimba mchanga ulio mguuni mwa ukuta, hadi ukuta ukaning'inia. Na yale matuta kama vidole hukamata mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili. Kwa kuwa kwa jumla mchanga wa sehemu ile husafiri zaidi kuelekea kaskazini, wakati wa kusi, jirani wa kaskazini ndiye aliyelipa gharama za jirani wa kusini, naye akajenga tuta lake, na wa tatu akafuata. Sisemi kwamba walikosea kuokoa mali yao. Mtu aliyeamka na maji mlangoni hasubiri makala. Nasema kwamba hesabu ya mchanga haisomwi kutoka katika kiwanja kimoja.

Mfano ulio wazi kuliko wote uko mbele zaidi kaskazini, karibu na Pangani. Kisiwa kidogo cha mchanga cha Maziwe kilikuwa na miti na kasa walikuwa wakitaga hapo. Miti ikatoweka, na kabla ya miaka ya 1980 kuanza kisiwa kikawa hakionekani tena maji yanapojaa. Hakuna jiwe lililochakaa pale. Ilikuwa safari tupu.

Na safari ina mwisho. Wenyeji hueleza kwamba bandari ya Kaole ilikufa kwa sababu matope na mikoko viliiziba, vyombo vikashindwa kufika. Leo mtu anayesimama kwenye magofu na kutazama upande wa bahari huona mikoko kwanza. Hivyo katika mwambao mmoja, Kunduchi inalia kwa kukosa mchanga na Kaole ilikufa kwa kuletewa usiotakiwa. Mwanafunzi akifikiri kwamba erosion ni "uharibifu", hataelewa ni kwa nini habari hizi mbili zimo katika somo moja. Akifikiri kwamba ni uhamisho, ataelewa mara moja.

Nisije nikadhaniwa kuwa mpaka kati ya maneno haya ni ukuta usiopenyeka. Nenda kisiwa cha Mbudya, mkabala na Kunduchi, wakati maji yamekupwa. Utaona majabali ya matumbawe yaliyochimbika kwa chini kama uyoga. Maji huyeyusha chokaa, konokono na chaza watoboao hukwangua na kutoboa, mawimbi hupiga na kuchukua, vyote kwa saa moja. Ni neno gani litumike? Wataalamu hubishana, na binafsi sioni faida kubwa ya ubishi huo. Weathering huandaa, erosion huchukua, na mara nyingi hufanya kazi kwa zamu katika jiwe moja. Lenye faida ni kuuliza kwanza, kila mahali: kilichopungua hapa, kingali hapa kwa sura nyingine, au kimeondoka?

Kuhusu Kiswahili chake, pendekezo langu ni dogo. "Mmomonyoko" limekwisha zoeleka kwa erosion. Mkulima analijua tangu kampeni za kuhifadhi udongo, na haifai kumnyang'anya. Kwa weathering mimi hutumia "kuchakaa" na "uchakavu wa miamba". Nguo huchakaa mwilini mwa mwenyewe, haijachukuliwa na mtu. Wapo wanaosema "kuoza kwa mwamba", nalo si baya, ila linamfanya mwanafunzi afikiri juu ya vitu vyenye uhai tu. Wanaohusika na istilahi wataamua. Fundi wangu wa Bagamoyo angesema "kuchoka", na sijui kama tutapata lililo bora kuliko hilo.

Kwa walimu wa shule zilizo karibu na bahari napendekeza zoezi hili, lisilohitaji maabara. Kwa uchakavu: wanafunzi watandaze karatasi safi chini ya ukuta wa zamani wa matumbawe unaodondosha unga, kwa ruhusa ya mwenyewe, waiwekee mawe isipeperuke, na baada ya wiki wakusanye kilichodondoka. Wakikoroge katika maji safi ya mvua, wakichuje kwa kitambaa, na maji yale wayaanike katika sahani. Kitakachobaki wakionje kwa ncha ya ulimi. Kwa mmomonyoko: washindilie vigingi vitatu ufukweni kwa mstari mmoja kutoka alama ya maji makuu kwenda nchi kavu, wapime urefu wa kila kigingi juu ya mchanga, na warudie kila bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa mwaka mzima, ili wapate kusi na kaskazi. Kando ya kila kipimo waandike tarehe, upepo ulikotoka, na kama kuna lori lililoonekana likichota mchanga katika kijito kilicho karibu. Safu hiyo ya mwisho isiachwe wazi.